Beringi Zilizolindwa Zisitumike

Siku mliyoniaga kazini, vijana wangu, mlinipa daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili, mkaniomba niwaandikie historia ya karakana. Historia sina. Nina mambo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu, na hayo ndiyo nitakayoyaandika. Niliyoyasikia tu mtayapata kwa wauza kahawa wa barabarani. Wao wanayo mengi, na yote ni ya uhakika.

Vyeo nilivyopanda sitavieleza, maana ngazi ile ilikuwa fupi na iliegemea ukuta mbovu. Shirika letu nalo sitalitaja jina. Limekwishakufa, na marehemu hasemwi vibaya, hata yule aliyekufa kwa kujitakia. Inatosha kusema kwamba lilihudumia wakulima wa mlimani, kutoka Akheri mpaka ng'ambo ya Kikatiti, na kwamba liliwafikia kwa landrova sita, ambazo kwa kawaida nne kati yazo zilikuwa juu ya matofali.

Niliripoti kazini nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi na suruali yenye mkunjo wa pasi. Aliyenipokea ni Fundi Shabani, mzee wa Ngarenaro, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuiona ikiwa na tone la grisi. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani na karakana ya reli, basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Vizuri. Lile gurudumu la mbele linacheza. Hebu tuambie kinachocheza ni nini."

Landrova ilikuwa imepandishwa jeki. Nilichuchumaa mbele ya gurudumu, nikalitazama kwa makini.

"Usilitazame, si picha ya harusi," akasema. "Weka mkono mmoja juu, mmoja chini. Sukuma, vuta."

Nikasukuma, nikavuta. Lilicheza. Nikatamka kwa sauti ya mtu mwenye cheti kwamba beringi za habu zimelika, yaani zile mbili zinazobeba kitovu cha gurudumu kwenye ncha ya ekseli.

"Umejuaje?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mzee."

"Kitabu kimelishika gurudumu hili?" Akamwita mtu akanyage breki. "Haya, sukuma tena. Breki imeikamata habu. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini, ile nguzo fupi ambayo gurudumu hugeukia. Umepotea?"

"Haukupotea, mzee."

"Basi ungetufungulia habu nzima, utupotezee siku, halafu ufunge upya ugonjwa ule ule. Karibu kazini."

Sikumpenda kwa muda wa miezi mitatu. Baada ya hapo sikumwacha kwa miaka kumi na moja.

Ilikuwa miaka ya uhaba, na sitaipamba. Wapo wazee wenzangu wanaosimulia kwamba wakati ule tulikuwa wabunifu. Tulikuwa hatuna kitu. Hilo ndilo neno lake. Gasketi za kuzibia maungio ya injini tulikata kwenye makasha ya karatasi. Oili sili, ambayo kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke, Fundi Shabani aliwahi kuitengeneza kwa ngozi ya kiatu iliyolowekwa kwenye mafuta ya nyonyo, na ikafanya kazi msimu mzima wa kahawa. Mwenye kiatu alikuwa mhasibu, na mpaka alipohamishwa aliamini kilichukuliwa na mbwa. Washa ya kufungia, ile bati nyembamba inayokunjwa ukingo ili nati za habu zisilegee, kitabu kinataka itupwe kila inapofunguliwa. Sisi tuliikunjua, tukaikunja upande wa pili, kisha wa tatu, hadi ilipofanana na barua iliyopitia mikono mingi.

Katika miaka hiyo ndipo shirika lilipopata, kwa hisani ya wafadhili, seti mbili za beringi za habu ya mbele. Zilikuwa halisi, toka kiwandani, zimefungwa kwenye karatasi ya nta na kupakwa grisi ya kuhifadhia. Tulizipokea kama watu wapokeavyo masalia matakatifu. Mtunza stoo wetu, Bwana Gidion, alizifungia kwenye sanduku la bati juu ya rafu ya mwisho, na uongozi ukaweka kanuni: zitatolewa wakati wa dharura tu, kwa sahihi tatu. Ya kwanza ya meneja, ya pili ya mhasibu, ya tatu ya afisa usafirishaji. Afisa usafirishaji hatukuwa naye. Nafasi yake ilikuwa wazi tangu aliyeishika aende likizo ya siku ishirini na nane, na mpaka ninapoandika hajarudi.

Kwa hiyo beringi hazikutoka. Wageni wa makao makuu walipokuja walipelekwa stoo wakaonyeshwa. Bwana Gidion alikuwa akifunua karatasi ya nta kidogo, upande mmoja tu, nao wakitikisa vichwa na kusema shirika lina akiba. Wakati huo huo landrova zililala juu ya matofali kwa kukosa beringi.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa.

Mliozaliwa baadaye hamwezi kuelewa. Mtaa uliokuwa na duka moja la kuuza betri kuukuu ulijaa maduka ya spea hadi vibarazani. Beringi zilining'inia kwenye kamba kama vitunguu. Gereji bubu zilichipuka chini ya kila mti wenye kivuli, na kila fundi aliyekuwa jana anauza nyanya alikuwa na maoni kuhusu vyuma. Swali likawa moja: ipi halisi, ipi feki? Hapo ndipo uvumi ulipopata kazi ya kudumu. Mmoja aliniapia kwamba beringi halisi hunuka mafuta ya taa, feki hunuka samaki. Mwingine aliidondosha kwenye sakafu ya sementi na kusikiliza mlio, kama daktari asikilizaye kifua, huku akiiharibu kwa kuipima. Wa tatu alisema mambo ni rahisi: nunua iliyo ghali. Huyo alikuwa mwenye duka.

Niliwacheka wote. Sasa nieleze kwa nini sikustahili kumcheka mtu.

Dereva wa gari la Akheri alikuwa Loti, Mmeru wa huko huko, mtu mzima, mzee wa kanisa, aliyekuwa akifuta kioo cha mbele kila asubuhi hata siku gari lilipokuwa halina injini. Alikuja akaniambia gari linavuta kushoto na linanguruma kwenye mteremko. Nikapandisha jeki, mkono juu, mkono chini. Mchezo ulikuwepo, breki ilipokanyagwa, ukapotea. Beringi. Nilifungua habu nikakuta njia za chuma ambamo rola huzunguka zimechimbika kama barabara baada ya masika. Nikajaza fomu, nikaenda stoo.

"Bwana Gidion, nahitaji seti moja ya zile."

"Zipi?"

"Unazijua. Zile za sandukuni."

Alivua miwani. "Fundi Elia, zile ni za dharura."

"Gari halina beringi. Haiwi dharura?"

"Hilo ni tatizo. Dharura ni zaidi." Akaigeuza fomu yangu. "Na sahihi ya tatu iko wapi?"

"Afisa usafirishaji hayupo, wajua."

"Basi tumsubiri. Halafu wewe nawe, mambo ya leo! Maduka yamejaa, kwa nini tule akiba? Nenda kanunue. Akiba ikiisha tutamwonyesha nini mgeni?"

Nawaomba msimcheke Bwana Gidion peke yake. Nilitoka pale nikiwa nimekubaliana naye. Miaka ya uhaba ilikuwa imetufundisha sote kwamba kitu kizuri huwekwa, na kibaya ndicho hutumiwa. Nyumbani kwangu kulikuwa na vikombe vya kaure ambavyo havijawahi kuguswa na chai.

Nikaenda dukani. Sikunusa, sikudondosha. Nilisoma. Kisanduku kilikuwa cha bluu, maandishi yake ya Kiingereza hayakuwa na kosa hata moja, anwani ya kiwanda ilikuwepo, na namba ya spea ililingana, tarakimu kwa tarakimu, na namba iliyo kwenye kitabu changu. Nikaona sasa hapa kuna ushahidi. Nikarudi, nikaosha habu, nikapaka grisi kwa kiganja mpaka ikaingia kati ya rola zote, nikakaza nati ya ndani, nikailegeza kiasi kile kinachotakiwa, nikaweka washa mpya, nikaikunja ukingo mara moja kwa patasi, nikafunga nati ya nje. Kazi safi. Fundi Shabani, aliyekuwa amekwisha kufariki wakati huo, asingekuta kosa mikononi mwangu. Angeuliza tu jambo moja, nalo sikulifanya.

Alikuwa amenifundisha kupima chuma cha beringi kwa tupa. Unachukua tupa kali, unaipitisha pembeni. Chuma kilichopikwa vizuri hakikubali. Tupa huteleza kana kwamba imepita juu ya kioo. Chuma laini hukubali, na tupa huondoka na unga wake. Ni kazi ya nusu dakika, na tupa ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini kisanduku kilikuwa kimenieleza kila kitu, tena kwa Kiingereza sanifu. Sikufikiria kwamba maandishi ya kwenye kisanduku nayo ni uvumi, ila umepata bahati ya kupigwa chapa.

Wiki ya tano, asubuhi na mapema, gari likishuka kutoka Akheri likiwa na bwana shamba na miche ya kahawa, gurudumu la mbele kushoto lilitoka pamoja na habu yake. Lilitangulia mbele ya gari, likavuka mfereji, likaingia kwenye migomba. Gari liliburuza ekseli hadi kwenye ukingo wa udongo, likalala ubavu. Bwana shamba alivunjika mfupa wa bega. Loti alipasuka paji la uso.

Kabla kidonda chake hakijashonwa, mji ulikuwa umekwisha kujua chanzo. Alikuwa amelewa mbege Kikatiti. Ilikuwa saa moja asubuhi, na Kikatiti si njia ya kwenda Akheri, lakini hilo halikumzuia mtu. Wengine walisema hakulewa, alikuwa mjanja: beringi halisi alizonunuliwa alizitoa akaziuza Usa River kwa watu wa mashamba ya maua, akaweka feki. Habari hizi mbili zilitembea pamoja bila kugombana. Meneja alimsimamisha kazi, akaitisha kikao, akaniagiza niandike taarifa ya kiufundi.

Loti alikuja karakana na plasta usoni, kofia mkononi.

"Fundi, kikao kitanifukuza?"

"Sijui. Sijalichunguza gari."

"Miaka kumi na minne naendesha. Sijui hata niombe msamaha wa kosa gani. La pombe au la wizi?" Alijaribu kucheka. "Jumapili kanisani wameniombea, aisee. Kwa jina kabisa: 'Bwana, mwondolee ndugu yetu Loti kiu ya pombe.' Mimi ninayekunywa soda, tena moja! Mke wangu alitaka kusimama, nikamshika gauni."



Nilipobaki peke yangu nikaenda kwenye ekseli. Ncha yake ilikuwa imebadilika rangi, samawati na nyeusi, kama chuma kilichotoka kwenye moto wa mhunzi. Rola zilikuwa zimebapa, na habu ikachomoka juu yake. Nati zote mbili zilikuwa bado mahali pake, na kati yazo washa ya kufungia. Nikaisafisha kwa petroli, nikaipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa na mkunjo mmoja, wa patasi yangu. Bati lililokunjwa haliwezi kukunjuliwa na kukunjwa tena bila kubaki na kovu la pili. Mimi niliyezikunja kwa miaka yote ile nalijua hilo kuliko ninavyojua zaburi. Hakuna mtu aliyeifungua habu ile tangu nilipoifunga. Aliyeweka feki nilikuwa mimi.

Nikatoa tupa. Iliingia kwenye beringi kama kisu kwenye muhogo.

Nilimweleza meneja siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu mpole, aliyechukia hasa vitu viwili: habari mbaya na maandishi yaliyozithibitisha. Alifunga mlango.

"Fundi Elia, wewe ni mtu msomi. Andika tu: uchakavu wa kawaida, pamoja na mwendo usioridhisha."

"Mwendo haukuwa usioridhisha."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Wewe pia hukuwepo."

"Dereva tutampata mwingine kesho asubuhi. Fundi kama wewe nitampata wapi? Mimi nakulinda, ndugu yangu."

Nitawaambia ukweli: nilirudi nyumbani na maneno yale, na usiku ule nilijaribu jinsi yanavyokaa kwenye karatasi. Yalikaa vizuri. Hayakuwa na kosa la tahajia. Yangefaa kuandikwa kwenye kisanduku cha bluu. Nikayachana.

Kikaoni nilikuta wajumbe watano na chai. Mmoja alifungua kwa kusema amesikia kwamba dereva alikuwa amelewa.

"Umesikia kwa nani?" nikauliza.

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kuaminika."

"Walikuwepo?"

"Nao waliambiwa," akasema, bila haya yoyote.

Nikaiweka beringi mezani, juu ya ajenda, pamoja na tupa, nikawaomba wajaribu mmoja mmoja. Waliipokea kwa uzito mkubwa. Wa kwanza akaikwangua, unga wa chuma ukaangukia sahani ya andazi. Wa pili akainusa. Nikaeleza habari ya washa na mkunjo wake mmoja. Kisha yule wa watu wa kuaminika akauliza, "Sasa hii feki aliifunga nani?"

"Mimi. Niliinunua mimi na kuifunga mimi. Dereva hakugusa kitu. Nimeandika hivyo, na nimetia sahihi."

Loti alikuwa amekaa karibu na mlango, kwenye kiti cha watu wanaosubiri. Hakunitazama.

Walijadiliana mpaka chai ikapoa. Loti alirudishiwa funguo. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo nilistahili na ambayo ninayo mpaka leo. Azimio la tatu lilikuwa kwamba, kwa kuwa sasa imethibitika mitaani kumejaa feki, zile beringi halisi za stoo ziongezewe kufuli la pili.

Hapo nilisimama. Sikumbuki nilisema nini, isipokuwa kwamba nilisema kwa sauti ambayo Fundi Shabani aliitumia kwa watu wanaotazama magurudumu. Meneja aliandika kwenye fomu, kwa mkono wake, "dharura imekwishatokea", akatia sahihi yake mara tatu.

Bwana Gidion alipanda ngazi kama mtu anayepanda kuteremsha bendera. Akafungua sanduku, akafunua karatasi ya nta, safari hii pande zote. Seti ya kwanza ilikuwa imeliwa na kutu. Paa lilivuja mahali hapo, tone kwa tone, kwa miaka tisa, upande ule ambao wageni hawakuonyeshwa. Alisimama akiishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nazitunza, Fundi," akasema. "Mungu shahidi."

"Ulizitunza sana," nikamjibu, na ninajuta ukali wangu.

Seti ya pili ilikuwa nzima. Nikaipitishia tupa, ikateleza. Nikaifunga siku ile ile kwenye gurudumu la kushoto, juu ya ncha ya ekseli niliyoitoa kwenye gari la matofali, kwa washa mpya na mkunjo mmoja, nikashusha jeki, nikanawa mikono, nikavaa koti langu la kwenda nyumbani.

Loti akaja kuchukua gari. Kwenye paji la uso plasta ilikuwa imetoka, kovu limebaki. Alizunguka gari mara moja. Alifuta kioo cha mbele. Hakupanda.

"Fundi, umenisaidia mbele ya wale wazee, na sitasahau. Kesho naenda Akheri, na kuna mama mjamzito ameomba lifti ya kushuka naye hospitali."

"Gari liko tayari."

"Hata mara ile uliniambia liko tayari."

"Loti, safari hii nimefunga beringi halisi. Nakuhakikishia kwa—"

Aliinua kiganja, kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

"Usiniambie, Fundi. Nionyeshe."

Mafundi waliokuwa wakifunga zana zao walisogea karibu. Mimi, niliyetumia nusu ya maisha yangu kuwauliza watu wameona au wameambiwa, nilikuwa nikimtaka mtu huyu aende kwenye mteremko ule kwa kuniamini mdomo. Nilivua koti, nikalitundika kwenye kioo cha pembeni. Nikasukuma jeki chini ya ekseli, nikakunjua washa ambayo kuanzia hapo isingefaa tena, nikatoa nati moja, kisha ya pili, nikaivuta beringi nje na kuifuta grisi yote kwa kitambaa mpaka chuma kikang'aa.

Nikampa tupa.